Tundu la Saba

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Mpenzi msomaji, nawe usione taa za kijani zikimetameta kwenye kile kisanduku kilicho pembeni mwa maabara yetu ya kompyuta ukadhani zilijipanga zenyewe. Mimi nina kisa na kisanduku hicho. Nimekaa nacho moyoni karibu miaka miwili sasa, na kwa kuwa huu ndio mwaka wangu wa mwisho katika Chama cha Kiswahili, mhariri ameniruhusu nikitue hapa.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Kisanduku chenyewe huitwa swichi. Najua, najua! Hata mimi niliposikia mara ya kwanza nilitazama ukutani nikitafuta ile ya kuwashia taa. Siku tulipolileta jambo hili chamani kulizuka mjadala mkali ajabu. Wapo waliotaka tuseme "kiunganishi", lakini mwalimu mlezi akatukumbusha kuwa hilo tayari ni jina la "na" na "lakini" na ndugu zao katika sarufi. Mwingine akapendekeza "kigawanyi". Tulibishana wee hadi kengele ya prepu ikalia. Mwishowe tukaamua kama wanavyoamua mafundi wa mjini: swichi ni swichi. Ni kama habari ya kompyuta tu. Vitabu vingine vinasema tarakilishi, vingine ngamizi, lakini hebu nenda kwenye maduka ya Eldoret uulize bei ya ngamizi uone utakavyotazamwa.

Sasa, kazi yake ni nini? Zamani kidogo kulikuwa na kisanduku kiitwacho habu. Habu ilikuwa kama makanga wa steji. Akimtafuta abiria mmoja tu wa kwenda Kitale, anapaza sauti na steji nzima inasikia, hata mama aliyejikalia zake akiuza mahindi ya kuchoma. Kompyuta moja ikituma ujumbe, habu iliupeleka kwa zote, na kila kompyuta ikajiamulia kama ujumbe ni wake au la. Swichi haifanyi hivyo. Swichi ni kama yule kiranja anayegawa barua bwenini: anajua nani analala kitanda kipi, anaiweka barua pale, anaondoka kimya.

Anajuaje? Kila kifaa cha mtandao hutoka kiwandani na anwani yake ya biti 48, ambayo huandikwa kwa herufi na tarakimu 12. Ujumbe ukiingia kupitia tundu fulani, swichi husoma anwani ya mtumaji na kujiandikia: fulani yuko tundu la tatu. Kesho ujumbe wa fulani ukija, unapelekwa tundu la tatu pekee. Ikiwa haimjui mpokeaji, hapo ndipo inapopaza sauti kwenye matundu mengine yote hadi mwenyewe ajibu. Na ina usahaulifu wake pia. Mashine ikinyamaza kwa muda, mara nyingi sekunde 300, anwani yake inafutwa, na kujifunza kunaanza upya.

Haya mambo si ya jana. Robert Metcalfe na David Boggs waliibuni Itheneti mwaka wa 1973 katika maabara ya Xerox kule California, na siku hizo kompyuta zote zilining'inia kwenye waya mmoja kama nguo kwenye kamba. Swichi ya kwanza ya Itheneti ilitoka mwaka wa 1990, ikaundwa na kampuni iliyoitwa Kalpana. Ilikuwa na matundu 7. Nalitaja hilo la saba kwa sababu zangu, utaziona.

Kisa chenyewe ni cha mwaka wa 2024, nilipokuwa Kidato cha Pili. Utakumbuka kwamba mwaka huo mvua ilinyesha kama iliyokatika kamba, mafuriko yakatapakaa nchini, na muhula wa pili ukacheleweshwa hadi tarehe 13 Mei. Hapa kwetu Uasin Gishu si mafuriko yaliyotusumbua sana, ni radi. Tuliporudi shuleni tulikuta swichi ya zamani imekufa kabisa, ina harufu ya kuungua, na kompyuta mbili zimefuatana nayo ahera. Hakuna aliyekuwa amechomoa waya wakati wa likizo.

Mwalimu wa Kompyuta akashuka mjini na fedha kidogo alizopewa, akarudi na swichi ya mtumba yenye matundu 24. Ilikuwa imetumika katika afisi fulani, na ilikuwa ya aina ya kusetiwa, yaani unaweza kuingia ndani yake ukaiamuru ifanye hivi na isifanye vile. Sisi tulifurahia jambo moja tu: matundu 24! Mimi ndiye niliyekuwa kiranja wa maabara, cheo nilichokivalia kama taji. Msaidizi wa maabara alinifundisha kubana vichwa vya waya. Ndani ya waya mmoja mna nyuzi nane, nazo hupangwa kwa utaratibu: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye hudhurungi, hudhurungi. Niliukariri mpangilio huo nikioga, nikila, nikipiga deki. Nikikosea uzi mmoja, taa haiwaki.

Basi tukachomeka nyaya zote, tukawasha. Taa zikaanza kumeta moja baada ya nyingine. Kompyuta zikaonana, printa ikatema karatasi. Tukapiga makofi, tukaenda zetu kula githeri. Hakuna aliyefikiria kuingia ndani ya swichi hiyo kutazama ina nini. Inafanya kazi, si basi?

Siku tatu baadaye nikapata onyo la kwanza. Nilikuwa napanga meza nikaona waya umening'inia, ncha moja iko kwenye swichi na nyingine iko hewani. Mimi na usafi wangu nikaichukua ile ncha nikaichomeka kwenye tundu lililokuwa tupu. Lahaula! Taa zote zikaanza kupepesa kwa pamoja kama zenye wazimu, na kompyuta zote zikasimama tisti. Darasa la Kidato cha Nne lilikuwa katikati ya kazi yao. Kumbe nilikuwa nimeunganisha swichi na yenyewe. Ujumbe wa kupaza sauti ulikuwa unatoka tundu hili, unaingia lile, unatolewa tena kwenye yote, unazunguka, unazaana, hadi hakuna nafasi ya ujumbe wa maana kupita. Mafundi huita hali hiyo dhoruba.

Dawa yake ilipatikana zamani. Mwaka wa 1985 mama mmoja wa Marekani, Radia Perlman, akifanya kazi katika kampuni ya Digital, alibuni kanuni ambayo huzifanya swichi zizungumze zenyewe, zigundue mzunguko, kisha zifunge njia moja ili mtandao ubaki kama mti wenye matawi yasiyorudi kwenye shina. Nanyi washairi wa chama hiki mtafurahi kujua kwamba aliieleza kanuni hiyo kwa shairi. Swichi yetu ilikuwa nayo kanuni hiyo ndani. Mbona basi haikutuokoa? Jibu nilikuja kulipata baadaye. Siku ile nilichomoa waya haraka, nikajifanya nimetengeneza, nikashukuriwa. Ndiyo, nilishukuriwa! Nami nikapokea.

Sasa tuingie penyewe.

Wiki ya pili ya muhula, ofisi ya uhasibu iliomba iunganishwe na mtandao wa maabara ili mhasibu aweze kutumia printa yetu kubwa, kwa maana yao ilikuwa imekwisha wino na subira pia. Kutoka maabara hadi ofisini ni kama mita 60, na waya wa aina ile unastahimili hadi mita 100, kwa hivyo ilikuwa kazi inayowezekana. Mimi na msaidizi wa maabara tulipitisha waya juu ya dari, tukajaa vumbi na utando wa buibui, nikabana vichwa vyote viwili kwa mikono yangu mwenyewe, nikauchomeka kwenye swichi. Tundu la saba. Ijumaa gwarideni nikatajwa jina mbele ya shule nzima. Msichana wa Kidato cha Pili ameunganisha ofisi! Nilitembea siku hiyo miguu haigusi chini.

Jioni hiyo hiyo nikiwa maabara peke yangu nikabofya mahali panapoonyesha kompyuta zilizo kwenye mtandao. Nikaona zetu zote, halafu nikaona moja ngeni. Imeandikwa UHASIBU. Nikaibofya. Haikuniuliza neno la siri wala jina. Ikafunguka kama mlango wa duka. Ndani mlikuwa na folda, na ndani ya folda faili la karo. Nikalifungua. Majina yote ya shule, nambari za usajili, na upande wa kulia pesa ambazo kila mtu anadaiwa. Nikaliona jina langu. Nikalifunga faili haraka, moyo unanidunda kana kwamba nimeiba.

Mpenzi msomaji, hapa ndipo penye aibu yangu. Sikumwambia mtu. Nilijiambia si shughuli yangu, mhasibu ni mtu mzima, anajua anachofanya. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesifiwa asubuhi, na kusema jioni kwamba kazi ile ile ina dosari kungekuwa kama kujivua taji mwenyewe. Nikanyamaza wiki mbili.

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni mwanafunzi wa kidato cha juu, ambaye hana ujuzi wowote wa ajabu, alibofya pale pale nilipobofya mimi. Yeye hakufunga. Aliichapisha orodha, kurasa kadhaa, kwa printa yetu kubwa, akaipeleka bwenini. Kabla ya chakula cha jioni ilikuwa inasomwa kwa sauti juu ya kitanda, kwa mbwembwe za mtangazaji wa mpira. Fulani, shilingi elfu tisa! Fulani, amemaliza, mtoto wa tajiri huyo! Watu wanacheka. Mimi niko mlangoni na ndoo yangu ya maji.

Halafu likasomwa jina la jirani yangu wa kitanda. Shilingi 31,450. Bweni zima likasema "Aaaai!"

Yeye mama yake huuza mboga katika soko kuu la mjini. Nilikuwa nalijua hilo kwa sababu alinieleza usiku mmoja taa zikiwa zimezimwa, akaniomba lisiende mbali. Hakuwahi kudanganya mtu kuhusu kwao, ila hakupenda kusema. Sasa kulikuwa na watu wanaopiga hesabu kwa sauti, mafungu mangapi ya sukuma wiki yatatoa elfu thelathini na moja. Yeye alikuwa anakunja blanketi. Aliendelea kulikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Jumapili hakuja mesini. Jumatatu alipata ruhusa ya kwenda nyumbani, akasema tumbo linamuuma. Hakurudi kwa siku kadhaa.

Shuleni kukawa na kishindo. Aliyechapisha orodha alipewa adhabu ya wiki mbili nyumbani. Gwarideni tukaambiwa kwamba mitambo ya shule imeingiliwa na wadukuzi. Wadukuzi! Neno hilo lilivuma kote, watoto wa Kidato cha Kwanza wakaogopa hata kugusa kipanya. Lakini mimi nilijua. Mdukuzi ni mtu anayevunja kufuli. Hapa kufuli ilikuwa wapi?

Sisemi aliyechungulia hana hatia. Sheria ya mwaka wa 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta inasema kwamba anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au yote mawili. Lakini ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, nayo inamwelekezea kidole mwenye kuhifadhi habari za watu. Mwaka wa 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, iliamriwa kulipa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha tu! Je, karo?

Siku ya tano nikashindwa kula. Nikaenda kwa Mwalimu wa Kompyuta, nikamkuta anasahihisha madaftari. Nikamwambia yote: dhoruba ya waya, tundu la saba, zile wiki mbili. Nilitarajia ngurumo. Akaweka kalamu chini.

"Kutofunga mlango ni kosa langu mimi," akasema. "Kunyamaza ni lako. Kila mtu abebe lake."

Kisha akachukua simu, akamwita fundi.

Fundi aliyekuja Jumamosi iliyofuata alikuwa mwanamke, tena aliyewahi kusoma katika shule yetu kabla ya kwenda Eldoret Polytechnic. Tulizoea kudhani fundi ni lazima awe na ndevu! Tukamwita Dada. Kitu cha kwanza alichouliza hakikuhusu kompyuta hata kidogo.

"Nani ana ufunguo wa chumba hiki?"

Tukatazamana. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari nje ya mlango.

"Na hii swichi mbona iko wazi hapa dirishani? Mtu akija na sindano akabonyeza kile kitufe, kazi yote nitakayofanya leo inafutika."

Kwa hivyo tulianza kwa kuihamishia kwenye kabati la chuma lenye matundu ya hewa na kufuli, juu ukutani. Ndipo alipotoa waya wake wa bapa, wa buluu hafifu, akaunganisha kompyuta yake moja kwa moja na tundu maalumu la konsoli. Hilo halipiti kwenye mtandao. Ni kama kuingia nyumbani kupitia jikoni. Maandishi yakaanza kutiririka. Dada akaguna.

"Ona hii. Jina la afisi nyingine. Maneno ya siri ya watu msiowajua. Na wamezima kinga ya mzunguko!"

Hapo nikapata jibu la dhoruba yangu. Kanuni ya mama Perlman ilikuwa ndani ya swichi, imezimwa na mwenyeji wa awali kwa sababu anazozijua yeye. Tulikuwa tumenunua nyumba tukaingia bila kubadilisha kufuli wala kuuliza nani mwingine ana funguo. Dada akafuta kila kitu, swichi ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, naye akaonya kwamba hata hapo haijawa salama. Swichi mpya huwa haina neno la siri, au ina lile lililoandikwa kwenye kijitabu, ambalo dunia nzima inalijua. Nayo matundu yake yote huwa ni ukumbi mmoja. Aliye tundu la kwanza anaweza kumwona aliye tundu la 24.

Akaipa jina. Akaweka neno la siri refu, la maneno manne yasiyohusiana, na alipokuwa akiliandika alitutaka tugeuke ukutani, hata Mwalimu. Akafunga njia ya kale ya kuingilia kwa mbali iitwayo Telnet, kwa sababu hiyo hupeleka neno la siri waziwazi na yeyote anayesikiliza njiani analisoma. Akafungua SSH badala yake, ambayo hulifumba. Alitusimulia kwamba SSH ilibuniwa mwaka wa 1995 na Tatu Ylönen wa Finland, baada ya mtu kuweka mtego kwenye mtandao wa chuo chake kule Helsinki na kuvuna maneno ya siri ya watu wengi. Wazungu nao huibiwa, nikajiwazia.

Halafu likaja lile lililonivuta mimi. Swichi ya kusetiwa inaweza kukatwa vipande bila msumeno. Kipande kimoja huitwa vilani, na utaratibu wake umekubaliwa kimataifa tangu mwaka wa 1998. Dada aliyaweka matundu ya maabara katika vilani 10, ya ofisi katika vilani 20, na usimamizi wa swichi yenyewe akauweka kando katika vilani 99. Kompyuta ya vilani 10 haiioni ya vilani 20 hata zikiwa zimeshikana mabega kwenye kisanduku kimoja, mpaka ruta iruhusu. Ruhusa iliyotolewa ilikuwa moja tu: ofisi iifikie printa. Maabara kwenda ofisini, hapana.

Matundu yasiyotumika aliyazima yote. Yanayotumika akayafunga kila moja na anwani ya mashine yake, ili mtu akija na kompyuta yake kutoka nyumbani akaichomeka, tundu lijizime lenyewe.

"Kwa hivyo hakuna anayeweza kuingia sasa, Dada?" nikamuuliza.

Akacheka. "Kijana, anwani inaweza kuigizwa. Huu ni ua wa miiba, si ukuta wa mawe. Lakini ng'ombe wengi watarudi."

Tena akasema jambo ambalo ningependa kila anayejiita mtaalamu alisikie. Swichi peke yake haikuwa imetufichua. Kompyuta ya mhasibu ndiyo iliyokuwa imeweka folda hadharani kwa kila mtu, na hata ukiikata swichi vipande mia, folda ya namna hiyo bado itasomwa na yeyote aliye katika kipande kile kile. Akaenda ofisini, akaondoa ushirikishaji huo, akamwekea mhasibu neno la siri. Nasikia mhasibu alinung'unika kidogo. Haidhuru.

Saa tisa alasiri akaniachia kiti, akaniambia niandike amri za matundu manne ya mwisho mimi mwenyewe. Nikaandika kwa uangalifu, jasho likinitoka. Nilipomaliza nikamtazama nikitegemea sifa. Dada akanyoosha mkono, akachomoa waya wa stima.

"Dada!"

Swichi ikazimika. Akairudisha. Tukangoja dakika kadhaa iamke. Alichokifanya yeye kilikuwepo chote. Cha kwangu hakikuwepo hata kimoja.

"Hukuhifadhi," akasema. "Unachoandika kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Stima ikipotea, nacho kimepotea. Na hapa Eldoret stima hupotea, ama?"

Niliandika tena. Nikahifadhi. Nikahifadhi mara ya pili, kwa hofu. Nakala ya mpangilio mzima ilichapishwa, ikatiwa kwenye bahasha iliyofungwa, ikawekwa katika sefu ya Mwalimu Mkuu pamoja na neno la siri. Mwishowe akatudai betri ya akiba na kikinga radi, akakagua waya wa ardhini, akatuachia sheria moja ya likizo: chomoeni. Malipo alikataa, akanywa chai na mkate, akaenda zake.

Jirani yangu alirudi Jumatano. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemleta, amejifunga leso, akaingia ofisini, akakaa huko muda mrefu, akatoka. Sijui walikubaliana nini na sikuuliza. Nilichojua ni kwamba sitaweza kulala mita moja kutoka kwake huku nimelibeba lile jambo. Nikamfuata kwenye mfereji tukifua, nikamweleza.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza.

"Wiki mbili kabla."

Akakamua sketi yake, maji yakatiririka, akaikung'uta. "Ungeniambia hata mimi pekee," akasema. "Ningejua cha kufanya na uso wangu."

Hakunisemesha tena muhula ule wote. Tulilala kitanda kwa kitanda kama wageni wawili katika gesti. Mwezi wa Agosti, tukiwa likizoni, mji wetu ukapewa hadhi ya jiji, tarehe 15, watu wakacheza ngoma barabarani, nami nikamwona kwa mbali upande wa sokoni akimsaidia mama yake kubeba gunia. Nikataka kumwita. Sikumwita.

Muhula wa tatu ulipoanza, jioni moja kabla ya prepu, mvua ilipiga na stima ikapotea, ikarudi baada ya robo saa. Nilikwenda kufungua kabati nione kama swichi imeamka vizuri. Ilikuwa inaamka, taa zikibadilika moja moja kutoka rangi ya chungwa hadi kijani. Nikasikia mtu nyuma yangu. Ni yeye, na daftari lake la Kemia kifuani.

"Tundu lenyewe ni lipi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Dada alikuwa ameihamishia ofisi kwenye tundu la 24 na kulizima la saba, na waya wake tuliuondoa. Jirani yangu akasogea, akalitazama, akaliwekea ncha ya kidole kama mtu anayepima joto.

"Halina taa."

"Halina."

Nikafunga kabati, tukaenda prepu.